Paka Mzee na Matunzo Yake

Katika nyumba nyingi za Msamvu, paka hufugwa ili azuie panya wasiharibu mahindi na mchele. Akizeeka na kuanza kukonda, watu husema umri umemfikia, wakamwacha. Kumbe uzee si ugonjwa, na paka wengi wanaodhaniwa kuwa wamechoka kwa umri huwa ni wagonjwa wanaotibika au wanaoweza kupunguziwa maumivu.

Paka huhesabiwa kuwa mzee afikishapo umri wa miaka 10 hivi, na akitunzwa vyema aweza kupita miaka 15. Kulala zaidi na kupunguza michezo ni jambo la kawaida. Lakini akikonda ilhali anakula, au akinywa maji na kukojoa kupita kiasi, huenda ana maradhi ya figo, kisukari au tezi ya shingoni. Akitokwa na udenda au kudondosha chakula, meno na fizi zichunguzwe. Akisita kuruka mahali alipozoea, viungo vyaweza kuwa vinamuuma. Akisusa chakula siku nzima au akashindwa kukojoa, apelekwe kwa daktari siku ileile.

Paka mzee apimwe kila baada ya miezi sita: uzito, kinywa, moyo na, ikibidi, damu na mkojo. Aendelee pia kupata chanjo ya kichaa cha mbwa, kwani ugonjwa huo humpata paka na huweza kumwambukiza binadamu. Nyumbani, jipime kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha toa uzito wako. Paka wa kilo 4 akipungua gramu 400, amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake.

Usimpe dawa ya binadamu. Kidonge kimoja tu cha parasetamoli chaweza kumwua, kwa kuwa ini lake haliwezi kuondoa sumu yake. Vilevile, usimpake dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, hasa yenye permethrini.

Kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, madaktari wa wanyama husajiliwa na Baraza la Veterinari. Mlaji anayo haki ya kuuliza usajili wa anayemhudumia, kuelezwa gharama kabla ya tiba na kupewa risiti. Anunuapo dawa, akague lakiri na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mkazi wa Msamvu hana safari ndefu: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chenye hospitali ya wanyama, kimo mumo humo mjini Morogoro. Mchukue paka wako katika kikapu chenye mfuniko, pamoja na kadi yake ya chanjo, naye daktari ataanzia hapo.