Hodi ya Mtoto Tumboni

Je, wajua kwamba kwa kinga ya mwili wa mama, mtoto aliye tumboni ni nusu mgeni? Nusu ya jeni zake zimetoka kwa baba. Kipande cha ngozi ya baba huyo kikipandikizwa kwenye mkono wa mama, mwili wake utakikataa ndani ya wiki chache. Mtoto, naye, hukaa miezi tisa akilishwa kwa damu ya mama bila kufukuzwa. Mwaka 1953 mwanasayansi wa Uingereza, Peter Medawar, aliuliza: inawezekanaje?

Sehemu ya jibu iko mahali ambapo kondo la nyuma hugusana na ukuta wa mji wa mimba. Karibu kila seli ya mwili hubeba alama zinazotengenezwa na jeni za HLA, na alama hizo ndizo zinazoitambulisha kwa kinga ya mwili. Seli za kondo zinazopenya ukutani huficha alama mbili, HLA-A na HLA-B, ambazo zingezusha ugomvi mara moja. Lakini HLA-C huionyesha, pamoja na ile aliyoitoa baba. Hiyo ndiyo hodi ya mtoto.

Anayeipokea ni seli ya mama yenye jina la kutisha: seli asilia ya kuua. Mwanzoni mwa mimba, kama asilimia 70 ya chembe nyeupe za damu zilizo katika utando wa mji wa mimba ni za aina hii. Huipapasa HLA-C kwa vipokezi vinavyotengenezwa na jeni za KIR. Hapa haziui. Zikiamshwa vizuri, hutoa kemikali zinazosaidia seli za kondo kuifikia mishipa ya damu ya mama na kuipanua, mpaka mishipa myembamba iliyojisokota inakuwa mifereji mipana ya kumlisha mtoto. Zikizuiwa kupita kiasi, mishipa hubaki myembamba. Mtoto hudumaa, na baadaye presha ya mama inaweza kupanda ghafla. Huo ndio mwanzo wa kifafa cha mimba.

Hodi hii hatukuianzisha sisi. Kima aina ya rhesus wa Asia hawana kabisa jeni ya C, na kondo lao halipenyi kwa kina. Kwa orangutani jeni hiyo ipo, ila si kila mmoja anayo. Gorila na sokwe, wakiwemo wale wa Gombe na Mahale, wanayo wote, tena kwa aina mbili kama sisi: C1 na C2. Kondo lao nalo huzama ndani kama letu. Huenda sababu ni kwamba ubongo mkubwa wa mtoto unahitaji damu nyingi, na njia ya kuipata ni kupenya zaidi.

Binadamu aliongeza jambo lake. Jeni zetu za KIR zimegawanyika katika mafungu mawili, A na B, na sokwe hawana mgawanyiko huo. Fungu A lina vipokezi vingi vya kuzuia, na fungu B huongeza vya kuamsha. Mwaka 2004 kundi la Profesa Ashley Moffett wa Cambridge lilionyesha kwamba mama aliyerithi fungu A kwa wazazi wake wote wawili, akibeba mtoto mwenye C2, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba.

Je, ni hivyo hivyo kwa Waafrika, ambao C2 ni nyingi kwao? Dkt. Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere alilitafuta jibu kwa akina mama wa Hospitali ya Mulago, Kampala. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Hatari ilikuwa ile ile, lakini ulinzi ulikuwa tofauti: Ulaya mama hulindwa na jeni ya KIR2DS1, na Uganda ulinzi uliambatana na eneo jingine la fungu B, lenye KIR2DS5. Jibu hilo lisingepatikana kwa kuwapima Wazungu peke yao.

Mbona basi fungu A halijatoweka? Huenda ni kwa sababu mlango ukifunguliwa mno, mtoto huwa mkubwa, na mtoto mkubwa anaweza kukwama wakati wa kuzaliwa. Mwili wa mama unatafuta kipimo kati ya hatari mbili.

Kwa hiyo mwanamke aliyepata kifafa cha mimba asiambiwe kwamba amerogwa, wala kwamba alizembea. Huenda jeni zake na za mume wake zilikutana mahali ambapo hakuna aliyechagua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ili mwenyeji huyu apone, apimwe presha na mkojo kila aendapo kliniki. Akiumwa kichwa kisichotulia, akiona maruerue au akivimba uso, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.