Je, Wajua? Mkokoteni Ulioangusha Treni

Mkokoteni wa mizigo uliwahi kuiangusha treni ya kasi! Ilikuwa 2 Septemba 1898, stesheni ya Wellingborough, Uingereza. Mkokoteni ulioachwa bila mtu ulibingirika wenyewe, ukatumbukia relini. Treni ya Manchester ikaugonga. Watu 7 walikufa, dereva na mchochea moto wake wakiwemo. Inauma: jiwe moja tu chini ya gurudumu lingetosha.

Mikokoteni mingi ya stesheni ilikuja kuwa na breki iliyounganishwa na mpini. Hamali akiuachia, magurudumu yanakabwa.

Ile ya Marekani ilikuwa mirefu kwenda juu. Majukwaa ya huko yalikuwa chini, hivyo sakafu ya mkokoteni ilipandishwa ilingane na mlango wa behewa la mizigo. Sanduku zito lilisukumwa tu, bila kuinuliwa.