Nimonia Inayorudi Pale Pale

Kuna mgonjwa ambaye madaktari wa kifua wanamtambua mapema. Ana miaka hamsini na kitu, au sitini, na mkononi ameshika bahasha kubwa ya picha za eksirei. Alianza kukohoa miezi kadhaa iliyopita, akapata homa, akapewa antibiotiki za wiki moja. Homa ikashuka. Baada ya muda mfupi ikarudi, safari hii na makohozi ya njano yenye harufu mbaya. Akabadilishiwa dawa, akapata nafuu, ikarudi tena.

Daktari anayejua kazi yake huzipanga picha zile kwa tarehe na kuzitazama kwa pamoja. Ukubwa wa kivuli humpa habari kidogo. Mahali kilipo humpa habari nyingi zaidi. Nimonia ikihamahama, leo pafu la kulia na mwezi ujao la kushoto, mawazo huelekea kwenye kinga ya mwili. Ikirudi kila mara kwenye sehemu ile ile ya pafu lile lile, kuna kitu hapo kinachoifuga, na kwa mtu mzima aliyevuta sigara miaka mingi, kitu hicho mara nyingi ni uvimbe wa saratani.

Pafu lenye afya hujisafisha lenyewe. Mirija ya hewa imetandazwa ute mwembamba, na chini ya ute huo kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopiga zaidi ya mara kumi kila sekunde, vikiusukuma ute juu hadi kooni pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonasa. Uvimbe ukiota ndani ya mrija, au tezi zilizovimba zikiubana kutoka nje, ute hukosa njia. Inakuwa kama mtaro uliozibwa na taka: maji husimama nyuma ya kizuizi, na hata ukimwaga dawa ya mbu kila wiki, viluwiluwi watarudi maadamu maji yapo. Antibiotiki huua bakteria wengi na kumpa mgonjwa wiki chache za kupumua, lakini ute uliokwama hubaki, na kutoka humo maambukizi huanza upya. Yakiachwa, sehemu hiyo ya pafu huweza kuoza na kufanya jipu.

Ndiyo maana tiba ya kweli hapa ni kuufungua mrija. Huenda ikawa ni kuupunguza uvimbe kwa mionzi au tibakemikali, kuuchoma kwa leza kupitia bomba la bronkoskopi, au kuingiza kijibomba kinachoushikilia mrija usizibe. Uvimbe mwingine huondolewa kwa upasuaji na mtu akapona kabisa. Karsinoidi, aina ya uvimbe unaokua polepole mno, unaweza kumsumbua kijana asiyewahi kugusa sigara kwa nimonia za kurudiarudia miaka kadhaa kabla haujaonekana. Kwa mtu wa aina hiyo, kila dozi mpya ya antibiotiki inayotolewa bila kuuliza swali la mahali ni muda uliopotea.

Wapo pia ambao mirija yao iko wazi lakini mapafu yameharibika. Mionzi iliyolenga saratani ya kifua inaweza kuacha makovu yanayoivuta mirija midogo na kuipanua, na mrija uliopanuka na kulegea hausukumi ute vizuri. Humo ndimo anapopenda kukaa *Pseudomonas aeruginosa*, bakteria wa maji, wa masinki na wa mashine za kupumulia zisizosafishwa ipasavyo. Wahudumu wa maabara humtambua hata kwa macho, kwa sababu hutoa rangi ya kijani-bluu. Akishatulia katika mapafu, hujijengea utando wa ute anaoishi ndani yake na wenzake. Mkanada J. William Costerton na wenzake walieleza mwaka 1978 jinsi bakteria wanavyogandamana kwenye nyuso na kuishi hivyo, na tangu hapo imeonekana kuwa bakteria waliomo ndani ya utando wanaweza kustahimili dawa hata mara 1000 kuliko wale wanaoelea peke yao. Basi majibu ya maabara yanaweza kusema dawa fulani inafanya kazi, na mgonjwa asipone.

Kundi la tatu ni wenye saratani za damu. Mayeloma na lukemia sugu ya limfu huifanya miili yao ikose kingamwili zinazofaa, na bakteria wa kawaida wa nimonia huwarudia mara kwa mara. Kwao chanjo ya nimokoka ni sehemu ya matibabu, hata kama mwili hauipokei kwa nguvu kama wa mtu mzima wa afya.

Afrika Mashariki suala hili lina sura yake, na sura hiyo ni kifua kikuu. Kukohoa wiki nyingi, kukohoa damu, kukonda, jasho la usiku, maumivu ya kifua: orodha hii ni ya kifua kikuu, na karibu yote ni ya saratani ya mapafu pia. Mahali ambapo kifua kikuu kimejaa, mtu mwenye dalili hizi huanzishiwa dawa zake, na kwa wengi huo ndio uamuzi sahihi unaookoa maisha. Tatizo huja pale makohozi yanapopimwa bila bakteria kuonekana, dawa zikaanzwa kwa dalili na picha tu, kisha mwezi wa pili ukapita mgonjwa akizidi kukonda. Dozi ya kawaida ni miezi sita. Miezi sita kwa saratani ya mapafu inatosha uvimbe uliokuwa wa kukatwa ufike kwenye ini au mifupa. Madaktari wa saratani katika hospitali za rufaa wamekutana sana na wagonjwa waliofika wakiwa wamemaliza dozi nzima ya kifua kikuu ambacho hawakuwa nacho.

Kipimo cha GeneXpert, kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, kimepunguza kubahatisha huku, kwa kuwa hutafuta chembe za urithi za bakteria wa kifua kikuu na kutoa jibu ndani ya saa mbili hivi. Kina faida nyingine isiyosemwa sana. Chini ya hadubini, jamaa wa bakteria wa kifua kikuu wanaoishi kwenye maji na udongo hufanana naye kabisa, na jamaa hao hupenda mapafu yaliyokwisha kuumizwa na saratani. GeneXpert huwatenganisha. Tofauti ni kubwa, maana kundi la *Mycobacterium avium* hutibiwa kwa dawa nyingine, na matibabu huendelea kwa mwaka mzima baada ya makohozi kuwa safi.

Magonjwa haya mawili yanaweza pia kukaa katika kifua kimoja. Aliyewahi kuugua kifua kikuu ana hatari kubwa zaidi ya kupata saratani ya mapafu, na saratani pamoja na tiba zake zinaweza kumwamsha bakteria aliyelala tangu utotoni; karibu robo ya watu duniani wanakadiriwa kuwahi kuambukizwa. Kwa hiyo kuupata ugonjwa mmoja kusiwe sababu ya kuacha kuutafuta mwingine. Jijini Dar es Salaam historia imeyaweka magonjwa haya karibu kwa namna yake: Robert Koch, aliyemgundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, alifika huko miaka ya 1890 kuchunguza maradhi ya nchi za joto, na hospitali ya pwani iliyojengwa na Wajerumani miaka hiyo leo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Kuyatibu yote mawili kwa pamoja kunahitaji uangalifu. Rifampisini, nguzo ya dawa za kifua kikuu, hulihimiza ini kuvunja dawa nyingine haraka, zikiwemo baadhi ya vidonge vya saratani ya mapafu kama erlotinib na gefitinib. Mgonjwa anameza kidonge cha bei kubwa kila siku, na damuni kinabaki kiasi kisichotosha. Isoniazidi nayo huumiza neva, kama zinavyofanya vinkristini na sisplatini, ndiyo maana vitamini B6 hutolewa pamoja nayo. Daktari wa saratani na kliniki ya kifua kikuu wasipoandikiana, mgonjwa ndiye atakayelipia pengo hilo.

Halafu kuna zile siku za hatari baada ya tibakemikali. Mwaka 1966 Gerald Bodey na wenzake wa taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 52 wa lukemia kali. Walionyesha kwamba kadiri chembe nyeupe za kupambana na bakteria zinavyoshuka, ndivyo maambukizi yanavyoongezeka, na hatari huwa kubwa mno zikipungua chini ya 100 katika mikrolita ya damu. Wakati huo *Pseudomonas* aliua wagonjwa wa namna hii kabla maabara haijamaliza kumwotesha. Mwaka 1971 Stephen Schimpff na wenzake wa Baltimore waliripoti matokeo ya kuanza antibiotiki mara homa inapotokea, bila kungoja majibu, na huo ukawa utaratibu wa dunia nzima.

Mwenye bakteria sugu mapafuni anaingia kwenye siku hizo akiwa tayari amembeba adui. Chembe nyeupe huwa chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, na makohozi yake huenda yasionyeshe usaha, kwa kuwa usaha wenyewe hutengenezwa na chembe hizo. Homa ya nyuzi 38 inaweza kuwa dalili pekee. Kumeza panadol na kulala hadi asubuhi ni hatari; anatakiwa kuwa hospitali usiku huo huo, na dawa ya mshipa kuanza ndani ya saa moja. Anayemsindikiza abebe karatasi ya tibakemikali yenye tarehe ya dozi ya mwisho, pamoja na majibu ya mwisho ya kuoteshwa makohozi, ili daktari wa zamu achague dawa inayomweza bakteria aliyeonekana humo. Makohozi hayo yafaa yachukuliwe kabla ya mzunguko wa kwanza wa tibakemikali, wakati bado kuna nafasi ya kusubiri jibu.