Gari ya Kikundi Ikikataa Kuondoka: Tuanzie Wapi?



Siku moja ya soko hapa Ogwedhi nilipewa lifti na pikapu ya kikundi kimoja, magunia ya mahindi yakiwa nyuma. Tulipofika barabara kuu dereva alitazama huku na huku, akaona lori liko mbali, akakanyaga mafuta. Gari ikajikokota kama ng'ombe mgonjwa. Lori likatupita kwa honi, nusura litugonge.

Kikundi kilipokutana, mwenyekiti alisema fundi mmoja wa mjini ameshatoa jibu: pampu ya dizeli imekufa. Bei yake ingemaliza akiba yote, hata zile pesa walizokuwa wakikopeshana za karo. Mama mweka hazina akasema, "Jameni, sitoi hata shilingi mpaka gari iangaliwe tena." Alifanya vizuri. Shida ilikuwa ea klina iliyoziba kwa vumbi na breki za nyuma zilizoshika. Pampu ilikuwa nzima.

Basi somo letu ni hili: anza na kitu cha bei rahisi, ndipo uende kwa kitu cha bei ghali.

Swali la kwanza la kujiuliza

Kuondoa gari iliyosimama ni kazi ngumu kuliko kuiendesha ikiwa imeshika mwendo. Ndiyo sababu ugonjwa mdogo huonekana kwanza hapo. Jiulize: je, injini inazunguka kwa kasi au haizunguki?

Kama injini inapiga kelele nyingi lakini gari haiendi, nguvu inapotea kabla ya kufika kwa magurudumu. Mara nyingi ni klachi inayoteleza, na utasikia harufu ya kuungua.

Kama injini yenyewe ni nzito hata ukikanyaga mafuta, basi inakosa hewa, mafuta au moto, ama kuna kitu kinaizuia gari.

Hatua za kufuata

1. Mzigo na tairi. Hesabu magunia. Gari yenye mzigo kupita kiasi si mgonjwa, inaonewa. Tairi zisizo na upepo wa kutosha pia huifanya gari kuwa nzito.

2. Breki. Endesha kilomita chache bila kukanyaga breki sana, kisha simama na usogeze mkono karibu na kila gurudumu, bila kugusa. Lililo moto kuliko mengine breki yake imeshika. Angalia pia waya wa breki ya mkono, maana hushikwa na kutu na matope.

3. Hewa. Barabara zetu ni vumbi tupu wakati wa kiangazi. Fungua ea klina. Ikiwa ni ya karatasi, ipulize kwa upepo kutoka ndani kwenda nje, usiioshe kwa petroli. Ikiwa imeziba sana au imepasuka, nunua nyingine. Usiendeshe bila ea klina hata siku moja! Vumbi likiingia ndani linakula pistoni, na hapo ni kufungua injini yote.

4. Mafuta. Badilisha filta ya mafuta. Kwa gari ya dizeli, toa maji yanayokusanyika chini ya filta. Jihadhari na mafuta ya bei rahisi kwenye mitungi, maana yanaweza kuwa yamechanganywa na mafuta ya taa. Mchezo huo ulienea hata mwaka wa 2018 Serikali ikaongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia.

5. Moto. Hii ni kwa gari za petroli. Gari ikitetemeka na kukohoa wakati wa kuondoka, fungua plagi uziangalie. Iliyo nyeusi kwa masizi au iliyolika inabadilishwa.

6. Klachi. Gari iwe tupu, mahali tambarare, watu wakae mbali. Vuta breki ya mkono na ukanyage ile ya mguu, weka gia ya tatu, kisha achia klachi polepole. Injini ikizima, klachi bado inashika. Ikiendelea kuzunguka, klachi imeisha. Fanya mara moja tu, usije ukaiunguza.

Kama taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, mwambie fundi aisome kwa mashine kwanza kabla hajakutajia spea ya kununua.

Kumbuka pia kwamba ukipanda juu, kama kuelekea Kilgoris, hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa kila meta 1,000 unazopanda. Huo si ugonjwa.

Mkienda kwa fundi

Waende watu wawili, dereva na mweka hazina. Mwombeni fundi awaonyeshe kitu kilichoharibika kabla ya kulipa, na mrudi na spea ya zamani mkononi. Si kumdharau fundi. Hiyo ni pesa ya wajane na watoto.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ea klina ya gari yetu ilisafishwa lini mara ya mwisho? Nani anaandika?
2. Nani ana ruhusa ya kukataa mzigo ukizidi?
3. Tumeweka kando pesa ngapi za matengenezo kila mwezi?