Shairi Juu ya Udongo: Mwandiko, Msimu na Maana katika Vyombo vya Maua vya Rengetsu

1.0 Utangulizi

Wachunguzi wa fasihi andishi wamezoea kuichukulia karatasi kuwa ndiyo makao ya kawaida ya shairi. Makala haya yanachunguza vyombo vya maua vya Kijapani vilivyoandikwa mashairi, hususan vya Otagaki Rengetsu (1791–1875), mtawa wa Kibudha wa Kyoto. Hoja yetu ni kwamba katika vyombo hivi shairi si pambo tu. Umbo la chombo, mwandiko, na ua linalotiwa ndani yake hushiriki kuikamilisha maana.

2.0 Usuli

Desturi hii ilimtangulia Rengetsu. Mwaka 1702 Ogata Kenzan (1663–1743), naye wa Kyoto, alitengeneza sahani za miezi kumi na miwili kwa kufuata mashairi ya Fujiwara no Teika (1162–1241). Upande wa mbele alichora maua na ndege wa mwezi unaohusika. Upande wa nyuma aliandika shairi. Hapo picha na maneno vilikaa pande mbili, na mtunzi hakuwa mfinyanzi.

Rengetsu aliziunganisha kazi hizo. Mume wake wa pili alipofariki mwaka 1823, aliingia utawani. Na baba yake wa kulea alipofariki mwaka 1832, alianza kujipatia riziki kwa ufinyanzi. Alifinyanga kwa mkono bila gurudumu, akachanja mashairi yake mwenyewe katika udongo mbichi au kuyaandika kwa brashi. Mara nyingi mwandiko ndio uliokuwa pambo kuu, na mandhari ya asili yakabaki ndani ya maneno.

3.0 Lugha ya shairi

Rengetsu alitunga waka, yaani shairi la mizani 31 lenye vipande vitano vya mizani 5, 7, 5, 7 na 7. Waka haidai vina. Katika hesabu ya Kijapani, nazali inayosimama peke yake huhesabiwa mizani moja kamili, kama ilivyo m katika neno mtu.

Lililo muhimu zaidi ni hati. Kijapani kina herufi za Kichina, ambazo hubeba maana, na kina hati ya silabi, ambayo huonyesha sauti tu. Neno matsu, kwa mfano, ni mti wa msonobari. Pia ni kitenzi chenye maana ya kungoja. Likiandikwa kwa herufi ya Kichina, maana moja huchaguliwa. Likiandikwa kwa silabi, zote mbili hubaki hai. Rengetsu alipendelea hati ya silabi, na kwa hiyo mti na hisia ya mwanadamu viliweza kukaa katika neno moja.

4.0 Chombo kama ukurasa

Mistari ya Kijapani huandikwa kutoka juu kwenda chini, ikianzia kulia. Mwandishi wa waka halazimiki kukata mstari pale kipande kinapokoma; mgawanyo wa jicho na mgawanyo wa sikio huweza kutofautiana. Juu ya chombo cha mviringo tofauti hiyo huongezeka, kwani shairi linapozunguka chombo, msomaji hana budi kukizungusha ili alimalize. Kusoma huwa tendo la mkono pia.

Kisha kuna ua. Waka nyingi hufungamana na msimu, na maua ya chombo nayo huteuliwa kwa msimu. Anayetia ua huweza kulithibitisha shairi au kulijibu. Maneno yamekwisha kuchomwa tanurini, hayabadiliki. Ua hunyauka na kubadilishwa. Maana huzaliwa kati ya hayo mawili.

5.0 Hitimisho

Mtafiti anayenakili maneno ya chombo na kuyafasiri karatasini huokoa mizani, lakini hupoteza mzunguko, hati na msimu. Picha moja ya upande mmoja nayo huficha sehemu ya matini. Ufafanuzi wa fasihi andishi unaoanzia na kuishia kitabuni hautoshi kuzieleza kazi za namna hii; inafaa tuupanue ili uwanda wa maandishi nao uhesabiwe kuwa sehemu ya matini.