Tukikarabati Shule Kuukuu, Tulinde Mapafu ya Watoto

Leo tunazungumza nawe mzazi, mwalimu au mwanakamati wa shule. Huenda mmefanya harambee na sasa mnataka kukarabati madarasa ya zamani. Ni jambo jema. Lakini je, wajua kwamba kazi hiyo isipofuata utaratibu yaweza kuwaachia watoto ugonjwa?

Anza kwa kutazama paa. Shule nyingi za zamani nchini ziliezekwa kwa asbestosi. Haya ni mabati mazito ya kijivu, yaliyotengenezwa kwa simenti iliyochanganywa na nyuzinyuzi za madini. Yakiwa mazima hatari yake ni ndogo. Hatari huja yanapovunjika, yanapokatwa kwa msumeno au yanapochakaa. Hapo nyuzinyuzi zisizoonekana kwa macho huelea hewani. Ukizivuta, hukwama mapafuni. Baada ya miaka mingi, mara nyingi 20 hadi 40, zaweza kuleta makovu ya mapafu, saratani ya mapafu au saratani ya utando unaoyazunguka. Kwa kuwa mtu haugui siku ile ile, wengi hudhani hakuna ubaya.

Kwa hivyo zingatia haya:

- Usiwaite wazazi wala wanafunzi kubomoa paa hilo. Kanuni za usimamizi wa taka zinahesabu asbestosi kuwa taka hatari. Nenda ofisi ya NEMA iliyo karibu, uelekezwe kwa wenye leseni ya kazi hiyo.
- Kazi ifanywe wakati wa likizo, watoto wakiwa nyumbani.
- Mabati yaloweshwe maji, yafunguliwe na kuteremshwa yakiwa mazima. Yasirushwe chini. Yafungwe kwa plastiki nzito na kupelekwa mahali palipoidhinishwa.
- Usibebe hata kipande kimoja kwenda kujengea banda la kuku. Vumbi lake lisifagiliwe likiwa kavu.

Rangi kuukuu ukutani nayo huenda ina risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto. Usiikwangue ikiwa kavu. Ilowesheni kwanza, kisha kusanyeni mabaki yote.

Paa likishaondolewa, sasa jengeni upya kwa vifaa visivyoharibu mazingira. Kuta zaweza kutengenezwa kwa matofali ya udongo uliochanganywa na simenti kidogo na kushindiliwa kwa mashine. Hayachomwi, kwa hivyo hakuna miti inayokatwa kwa ajili ya tanuri. Sakafu ya vumbi ni maskani ya funza, kwa hivyo ipigeni simenti. Wekeni madirisha pande zote mbili ili hewa ipite. Darasa lenye hewa ya kutosha hupunguza uenezaji wa kifua kikuu.

Huenda unauliza: Je, twaweza kupanda nyasi juu ya paa ili darasa liwe na baridi?

Ndiyo, lakini si juu ya kila paa. Paa la mimea hufaa juu ya zege lililo imara. Udongo wa kina cha sentimita 10 ukilowa waweza kuwa na uzito wa zaidi ya kilo 100 kwa kila mita moja ya mraba. Mbao kuukuu zitavunjika na kuwaangukia watoto. Mwiteni mhandisi apime kwanza. Akikubali, huwekwa tabaka la kuzuia maji, kisha kokoto za kupitisha maji, halafu udongo mwepesi na mimea mifupi inayostahimili jua. Maji yasituame, la sivyo mtafuga mbu.

Kama paa lenu ni la mabati ya kawaida, msihuzunike. Wekeni dari, na upande wa jua la alasiri pandeni mipasheni itambae kwenye fito. Kivuli kitapatikana, na matunda pia. Mabati hayo yatawapa maji ya mvua vilevile. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya paa la mita 50 za mraba huleta karibu lita 500. Maji ya kwanza yamwageni, yana uchafu.

Kumbuka msikilizaji: kabla ya kupanga rangi na mimea, ulizeni kwanza paa la zamani limetengenezwa kwa nini.