Ushindani wa Vivinjari: Mahasimu Walivyoazimana Mawazo

Mwanafunzi wa Kiswahili aliye nje ya Tanzania na Kenya, ambaye husoma vitabu kutoka nchi zote mbili kwa pamoja, hukutana mapema na mgongano wa istilahi. Programu inayotuwezesha kufungua na kusoma kurasa za intaneti, mfano Firefox, Chrome au Safari, huitwa kivinjari katika maandishi mengine na kisakuzi katika mengine. Istilahi zote mbili zinaeleweka. Katika makala haya tutatumia kivinjari, neno lililotokana na kitenzi vinjari, yaani kuzunguka huku na huko kwa kuchunguza.

Lengo letu hata hivyo si istilahi. Tunataka kueleza jambo ambalo mwalimu wa lugha atalitambua upesi: namna programu hizi, zilizotengenezwa na makampuni yaliyopigana kwa kila hali, zilivyoishia kusoma lugha moja sanifu, na kwa nini hatuna budi kuujali usanifu huo tunapoandaa masomo yetu kwa ajili ya intaneti.

Kivinjari cha kwanza kiliandikwa mwaka 1990 na Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN karibu na Geneva. Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba teknolojia hiyo ni mali ya umma, na yeyote anaweza kuitumia bila malipo. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilitoa Mosaic, kazi ya vijana wawili, Marc Andreessen na Eric Bina. Mosaic ilionyesha picha ndani ya ukurasa uleule wenye maandishi, na hilo ndilo lililowavutia watu wa kawaida. Andreessen alikuwa amependekeza alama ya kuingizia picha. Wenzake wa nchi mbalimbali walikuwa na maoni tofauti, na baadhi waliona pendekezo lake halijakomaa. Hakungoja. Aliiweka alama hiyo katika programu yake, watu wakaizoea, na mpaka leo kila ukurasa wenye picha unaitumia. Walimu wa lugha tunaijua hali hii: neno la mtaani limekwisha kuenea, kamati ya istilahi bado inaandaa ajenda.

Mwaka 1994 Andreessen alishiriki kuanzisha kampuni ya Netscape. Agosti 1995 Microsoft ikatoa Internet Explorer, iliyojengwa juu ya leseni ya Mosaic. Kwa hiyo mahasimu hawa wawili walikuwa watoto wa nyumba moja. Ugomvi wao ulifika mahali pa kuchekesha. Oktoba 1997, baada ya kuzindua toleo la 4, wafanyakazi wa Microsoft waliipeleka usiku sanamu kubwa ya herufi ya nembo yao na kuiacha kwenye bustani ya ofisi za Netscape huko California. Watu wa Netscape waliiangusha, wakamsimamisha juu yake Mozilla, mnyama wa nembo yao, akiwa na bango lenye tarakimu 72 na 18, yaani sehemu ya soko ya kila upande kwa hesabu yao wenyewe.

Wakati huohuo kila mmoja alikuwa akichungulia daftari la mwenzake. Lugha ya JavaScript, inayofanya ukurasa uitikie mbofyo na maandishi ya msomaji, ilibuniwa na Brendan Eich wa Netscape mwaka 1995 katika siku 10. Mwaka uliofuata Microsoft iliiiga na kuiita JScript, na mwaka 1997 lugha hiyo ikapewa kanuni rasmi na shirika la viwango la ECMA. Vidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kompyuta yako ili ikutambue ukirudi, navyo vilitoka Netscape vikahamia kwa jirani. Kuiga hakukuwa kwa upande mmoja. Mwaka 1999 Microsoft ilibuni njia ya ukurasa kuomba habari mpya kutoka kwenye seva bila kufunguliwa upya. Wapinzani wake waliichukua, na juu yake zikajengwa huduma kama Gmail, iliyotolewa na Google mwaka 2004. Google, kama tutakavyoona, ndiyo iliyokuja kuiondoa Microsoft katika nafasi ya kwanza.

Alama ya kuazimana huku ambayo sisi tumeifurahia zaidi ni jinsi vivinjari vinavyopiga hodi. Kila kivinjari kinapofika kwenye tovuti hujitambulisha kwa jina. Netscape ilijiita Mozilla. Kwa kuwa ilikuwa ya kwanza kuonyesha kurasa zilizogawanywa katika vidirisha, wenye tovuti walipanga seva zao zitoe kurasa nzuri kwa aliyejiita Mozilla, na kurasa dhaifu kwa wengine. Internet Explorer ilipopata uwezo huohuo ikakuta mlango umefungwa. Ikafanya nini? Ikabisha hodi na kusema: mimi ni Mozilla, na kuongeza kwa sauti ya chini kwamba ni aina ya Mozilla inayoafikiana na ile nyingine. Baadaye injini ya Mozilla iliitwa Gecko, na wenye tovuti wakaanza kuwapendelea wenye Gecko. Wajerumani na wenzao waliotengeneza injini ya KHTML kwa ajili ya mfumo huria wa KDE wakajitambulisha kuwa ni KHTML, mfano wa Gecko. Apple iliichukua KHTML kujengea Safari, iliyotangazwa Januari 2003, ikabeba na utambulisho wake wote. Google ilipotoa Chrome Septemba 2008 iliijenga juu ya injini ya Apple, nayo ikahofia kunyimwa kurasa zilizoandaliwa kwa ajili ya Safari. Matokeo yake, hadi leo Chrome ikibisha hodi husema kuwa ni Mozilla, mwenye injini ya Apple, KHTML mfano wa Gecko, Chrome, Safari. Edge ya Microsoft hurudia maneno yote hayo na kutia jina lake mwishoni. Ni kama mtu afikaye ugenini akawataja mashemeji wote kabla ya kusema yeye ni nani, na nusu ya hao anaowataja ni adui zake.

Yapo madhara makubwa kuliko kichekesho hicho. Microsoft iliufunga mjadala kwa kuiweka Internet Explorer ndani ya kila kompyuta yenye Windows, jambo lililoipeleka mahakamani na serikali ya Marekani mwaka 1998. Toleo la 6 lilitoka Agosti 2001, na katika miaka michache ya mwanzo Internet Explorer ilishika zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji. Kisha ikalala. Toleo la 7 halikuonekana mpaka Oktoba 2006. Aliyekuwa chuoni miaka hiyo atakumbuka kurasa zilizogoma kufunguka ipasavyo kwenye kivinjari kingine chochote, na maandishi madogo chini yake yakimwagiza msomaji kivinjari cha kutumia. Korea ya Kusini ndiyo iliyoumia zaidi. Huko mabenki na maduka ya intaneti yalijenga mfumo wa usalama kwa teknolojia ya ActiveX iliyofanya kazi ndani ya Internet Explorer, na kwa miaka mingi mwananchi asiyekuwa na programu hiyo hakuweza kutuma fedha kwa kompyuta. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, walisema wahenga. Lakini vita vilipokwisha na panzi mmoja akabaki, kunguru alikaa na njaa kwa miaka mitano.

Netscape ilikuwa imeifungulia dunia maandishi asilia ya programu yake Machi 1998. Kutoka huko ukazaliwa mradi wa Mozilla, na Novemba 2004 Firefox toleo la 1. Firefox ilipendwa kwa vichupo vyake, vinavyoweka kurasa nyingi katika dirisha moja, ingawa Opera ya Norway na wengine walikuwa na mawazo ya aina hiyo kabla yake. Internet Explorer 7 ilipotoka nayo ilikuwa na vichupo. Oktoba hiyohiyo Firefox ilitoa toleo la 2, na timu ya Internet Explorer ikapeleka keki kwa wapinzani wao kuwapongeza.

Opera yenyewe haikupata soko kubwa kwenye kompyuta, lakini katika Afrika ilijulikana kupitia simu. Opera Mini, iliyoenea kuanzia mwaka 2006, ilizipitisha kurasa kwenye seva za Opera zikafinywa kabla ya kufika kwenye simu, na hivyo kupunguza gharama ya kifurushi. Google iliazima wazo hilo kwa Chrome ya simu mwaka 2014, ikaliacha mwaka 2022.

Sasa tufike kwenye usanifu wenyewe, ambao ndio unaotuhusu zaidi sisi watu wa lugha. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya lugha ya nchi nne: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kamati hiyo ilikuwa na nguvu, kwa sababu kitabu cha shule kilihitaji ithibati yake. Muungano wa viwango vya intaneti, W3C, ulioanzishwa na Berners-Lee mwaka 1994, haukuwa na nguvu hiyo. Nyaraka zake zenyewe huitwa mapendekezo. Hata hivyo kuanzia mwaka 2000 ulijaribu kuleta sarufi kali iitwayo XHTML. Katika mfumo huo, mwandishi akisahau kufunga alama moja tu, kivinjari kilipaswa kukataa ukurasa na kuonyesha ujumbe wa kosa. Ni sarufi elekezi kwa maana yake kamili.

Watengenezaji wa vivinjari waliona balaa. Kurasa nyingi duniani zilikuwa na makosa, na msomaji hamlaumu mwandishi, hukilaumu kivinjari. Mwaka 2004 Apple, Mozilla na Opera, wapinzani watatu, waliunda kikundi chao kiitwacho WHATWG. Walichofanya ni kazi ambayo mwanaisimu angeiita sarufi fafanuzi. Walichunguza jinsi vivinjari vinavyosoma kurasa halisi, pamoja na zile mbovu, kisha wakaandika kanuni inayoeleza hatua kwa hatua kila kosa lisomweje. Mhariri wake, Ian Hickson, alianza akiwa Opera na kuendelea akiwa Google. Mwaka 2009 W3C iliacha kazi ya XHTML 2, mwaka 2014 ikaidhinisha HTML5 iliyotokana na kazi ya kikundi hicho, na mwaka 2019 pande mbili zikakubaliana kuwa na kanuni moja. Kwetu sisi huu ndio ushindi mkubwa kuliko wowote katika historia hii, ijapokuwa hakuna aliyeusherehekea kwa sanamu bustanini.

Ushindi huo una tatizo. Kanuni fafanuzi huhitaji wasemaji kadhaa ili ulinganishe matumizi yao, na wasemaji wanapungua. Opera iliacha injini yake mwaka 2013 na kuhamia kwenye ya Google, iliyokwisha kujitenga na ya Apple na kuitwa Blink. Microsoft ilifuata kwa Edge mpya ya Januari 2020, na Internet Explorer ikastaafishwa Juni 2022. Injini kubwa zilizobaki ni tatu: Blink ya Google, WebKit ya Apple na Gecko ya Mozilla. Hata hiyo ya tatu huishi kwa sehemu kubwa kwa fedha ambazo Google huilipa Mozilla ili kitafutaji chake kitangulie katika Firefox. Septemba 2025 jaji wa Marekani katika kesi ya ukiritimba dhidi ya Google alikataa kuilazimisha kampuni hiyo kuiuza Chrome. Ikiwa watengeneza tovuti watapima kazi zao kwenye Chrome peke yake, na wengi hufanya hivyo, basi kosa la Chrome litageuka kuwa sarufi, kama ilivyokuwa wakati wa Internet Explorer 6.

Mwalimu anayeandaa ukurasa wa mazoezi ya ngeli au ufahamu anaweza kuchukua tahadhari mbili zisizogharimu chochote. Afungue kazi yake kwenye Firefox au Safari pamoja na Chrome kabla ya kuwapa wanafunzi anuani. Pia atangaze lugha ya ukurasa mwanzoni kwa herufi mbili zilizokubaliwa kimataifa, ambazo kwa Kiswahili ni sw. Bila hizo, programu inayomsomea kwa sauti mwanafunzi asiyeona inaweza kuyatamka maandishi yetu kwa matamshi ya Kiingereza, na aliyewahi kusikia hivyo neno ng'ombe halisahau.

Darasani tunapendekeza jaribio lifuatalo. Katika programu sahili ya kuandikia, andika maneno Kiswahili kitukuzwe daima. Weka alama ya kuanza herufi nzito kabla ya neno la kwanza, na ya kuanza herufi za mlalo kabla ya la pili. Baada ya neno la pili funga herufi nzito, na baada ya la tatu funga mlalo. Hilo ni kosa, kwa kuwa alama iliyofunguliwa mwisho ndiyo inayopaswa kufungwa kwanza. Hifadhi faili kwa kiishio cha .html, kisha lifungue katika vivinjari vitatu. Vyote vitakuonyesha Kiswahili kwa herufi nzito, kitukuzwe kwa herufi nzito za mlalo, na daima kwa mlalo peke yake.